Fisi na Faini ya Kicheko

Hadithi! — Na ije!
Ije na jembe? — Ije na mbegu!
Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, kakohoe nje kwanza, urudi.

Hapo kale Mama Kanga alitaka kupanda, na mbegu hana. Akaenda kwa Fisi, maana kijiji kizima mwenye ghala ni yeye. Fisi akampa debe moja la mahindi.

"Utalipa matatu. Ukishindwa Jumamosi ya mavuno, nachukua mayai yako sita. Weka dole kwenye karatasi hii."

Kanga akaweka dole. Masikini, angefanyaje?

Mvua ikagoma. Kanga akayalalia mayai yake analia, "Wanangu, mama yenu kawaweka rehani."

Panya akamsikia. "Nyamaza, dada. Ingia kwenye kikoba chetu, tunaweka akiba na kukopeshana."

Kikoba chenyewe wanachama wawili, Panya na Kobe, na sanduku la kufuli tatu. Ndani? Punje kumi na moja!

Panya akaenda kwa Fisi. "Mzee, sanduku letu lina kufuli tatu."

"Tatu!" Mate yakamdondoka Fisi. "Basi limejaa! Nami nikope."

"Anakopa mwanachama. Ila sheria yetu, anayecheka mkutanoni faini debe moja, papo hapo."

"Mimi na kucheka wapi na wapi? Leta karatasi! Na tukutane kwangu."

Akaweka dole.

Jumamosi ile ya mavuno wakakutana uani kwa Fisi. Kanga akaja na mayai kapuni, kayafunika kwa bawa.

Kobe akaenda kufungua kufuli ya kwanza. Kwata... kwata... Wakangoja. Kwata...

"Kwi-kwi-kwi!" Fisi huyo.

"Faini!" Debe likatoka ghalani.

Panya akafungua ya pili, akaning'inia kwenye ufunguo, ning'i-ning'i.

"Kwi-kwi-kwi!"

"Faini!" Debe la pili.

Kanga akafungua ya tatu, akaweka akiba yake. Punje moja.

"Moja! Kwi-kwi-kwi!"

"Faini!" La tatu.

Panya akasema taratibu, "Sanduku linamkopesha Mama Kanga madebe matatu. Riba hatutaki. Dada, mlipe mzee."

"Ala! Hayo si mahindi yangu?"

"Mzee, si uliweka dole?"

Fisi akapokea mahindi yake mwenyewe, karatasi ya Kanga akairudisha.

"Na nyie nitawalipa lini?" Kanga akauliza.

"Mvua ikinyesha, dada. Hata punje punje."

Mara kapuni, piu! Kanga akainama, akalia tena, safari hii kwa furaha.

Fundisho, wanangu: msihangaike na vikoba, mambo ya masikini hayo. Kopeni kwa matajiri, wana huruma sana.

Hadithi nimeifunga kwa kufuli tatu. Nani huyo kacheka? Debe moja!