Kikapu cha Fisi na Theluthi ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, wakipika na kusengenyana kama sisi, Nyati na Pimbi walilima shamba moja. Msicheke! Nyati alikuwa na nguvu, akavuta jembe. Pimbi alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa akili, akachagua mbegu. Na mbegu yao ya mwaka huo ilikuwa gunia moja la mahindi, limefungwa vizuri, linasubiri mvua.

Asubuhi moja Pimbi alikuwa anafagia mlango wake, mara akasikia kishindo. Pu! Pu! Pu! Nyati huyo anapita, gunia begani.

"Shemeji Nyati! Unakwenda wapi na mbegu?"

"Kwa Fisi. Kwenye karata."

"Ati nini?"

"Usianze, shemeji. Mgeni anayekwenda mara ya kwanza anapewa kikapu kizima cha mahindi. Bure! Nimekiona kwa macho yangu haya, kimening'inia darini."

"Na ukipewa unaondoka nacho hapo hapo?"

Nyati akajikuna pembe. "Aa, kwanza nacheza michezo mia. Nikimaliza, nateremshiwa. Tutarudi na gunia na kikapu juu!"

Pimbi akaangusha ufagio, paa! Alikuwa na watoto wanne ndani, na mawingu ya masika yalishaanza kujikusanya nyuma ya kilima. Mbegu ile ikipotea, mwaka mzima wangelamba sufuria. Lakini nyie mmewahi kumshika nyati mkia akasimama? Pimbi hakupoteza muda kubishana. Akahesabu punje mia za mahindi yake mwenyewe, akazifunga kwenye pindo la kanga, akamfuata.

Nyumba ya Fisi ilinukia uji wa bure. Mkekani walikuwa wamekaa wawili: Ngiri, mgeni kama Nyati, na Kiboko, mteja wa siku nyingi, kila mmoja na mahindi yake. Fisi mwenyewe alikuwa amejilaza kwenye mto, tumbo juu, mvivu hata wa kufukuza nzi.

"Karibuni, karibuni! Hi hi hiii!"

Akapima mahindi ya Nyati kwa mkono wake mpana, akichota na kufumba. Konzi hamsini. Ngiri alikuwa na arobaini, na Kiboko arobaini.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mmoja anatoa punje moja ya kukalia mkeka, anapewa karata. Mwenye karata nzuri anaongeza mahindi, mwenye mbovu anazitupa chini na kupoteza punje yake ile moja tu. Mshindi anachukua lundo lote. Ila kabla hajalichukua, Fisi anapenyeza mkono, fyaa! anachota konzi moja. Hiyo ndiyo konzi ya mkeka.

"Na wewe kijidude," Fisi akamwambia Pimbi, "nikutundikie kikapu? Au unataka marejesho, kama wale wachovu wanaocheza ng'ambo kwa Kobe?"

"Marejesho ndiyo nini, mzee wangu?"

"Konzi ninayochukua, theluthi yake nakurudishia. Lakini huna kikapu."

Nyati akamkanyaga mguu. "Chukua kikapu, shemeji! Usitutie aibu."

Pimbi akatazama kile kikapu kilivyonona pale darini. Kisha akatazama mkono wa Fisi.

"Nataka theluthi," akasema. "Lakini mzee, utajuaje ipi punje yangu na ipi ya Kiboko? Lundoni zote zinachanganyika. Itabidi uzihesabu moja moja kila mchezo."

Fisi akapiga mwayo. Kuhesabu! Yeye! "Aaa, usinichoshe. Mchezo wowote uliokalia mkeka, theluthi ya konzi yangu ni yako. Umeridhika?"

"Nimeridhika, mzee. Wenzangu mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema.

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. Pimbi na punje zake za kwenye kanga! Angeishiwa kabla uji haujapoa.

Karata zikagawiwa. Pimbi akatoa punje moja, akachungulia karata zake, akazitupa chini. Pa!

"Mbovu," akasema.

Nyati akaongeza mahindi. Ngiri akaongeza. Kiboko akamwaga, mwaaa! Lundo likawa kubwa. Fisi akachota konzi, akamega theluthi, akamsukumia Pimbi. Zikagawiwa tena. Pimbi punje moja, karata chini, pa! "Mbovu."

"Kwani wewe hupati nzuri?" Ngiri akamwuliza kwenye mchezo wa ishirini.

"Mkosi tu, kaka yangu. Mkosi."

Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nyati leo anashinda, anapiga kelele "Wooo!", anatazama kikapu chake darini. Kesho anashindwa, ananyamaza, anatazama kikapu chake darini. Kila akitaka kuondoka, kikapu kinamwita. Na lile gunia lake likawa linanywea, linanywea, mpaka likalala chini.

Siku ya tatu Fisi akageuza kichwa akaona kitu nyuma ya Pimbi. Lundo!

"Hee! Hiyo nini?"

"Theluthi, mzee."

"Lakini wewe hujacheza hata mara moja! Unatupa karata tu!"

"Nimekalia mkeka, mzee wangu. Hebu tukumbushe, ulisema nini?"

Fisi akafungua mdomo akanushe. Kiboko akamtazama. Na ujue, katika nchi ile neno lililosemwa mkekani halirudi nyuma. Mwenye nyumba akilimeza neno lake, wachezaji wanakunja mkeka na haji mtu tena.

"Alisema 'mchezo wowote uliokalia'," Kiboko akanguruma. "Nilikuwepo. Endelea, gawa karata."

Fisi akagawa, akisaga meno.

Siku ya nne, mchezo wa tisini, Ngiri akaishiwa. Akatoka mikono mitupu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye meno yake yale marefu, na kikapu chake kikabaki darini kilipokuwa. Mchezo wa tisini na sita, Nyati akapapasa gunia. Hamna kitu. Hata vumbi hamna.

"Imebaki minne tu," akasema. "Minne, shemeji! Nitamwambia nini mke wangu?"

Pimbi akamwekea punje nne mbele yake, moja moja.

"Moja kwa kila mchezo. Ukipewa karata, tupa."

"Hata zikiwa nzuri?"

"Tupa, Nyati!"

Akatupa. Michezo minne ya mwisho Kiboko alishinda kwa punje tatu tatu. Fisi akapenyeza mkono kutafuta konzi, akatoka na punje moja kwenye ukucha. Michezo mia ikatimia.

"Haya, teremsha!" Nyati akaruka, nyumba ikatikisika. "Kikapu changu! Sikukwambia, shemeji? Sikukwambia?"

Kikapu kikateremshwa. Pimbi akasema kwa adabu, "Mzee, tupimie kwa mkono wako, watu waone ukarimu wako."

Fisi, sifa zikampanda kichwani, akachota. Moja. Mbili. Tatu. Kufika ishirini, kikapu kikawa kitupu.

"Ishirini," akasema Pimbi. "Na siku ulipoingia, shemeji, ulipimiwa ngapi?"

Nyati akalitazama gunia lake. Masikio yakamlegea. "Hamsini. Basi nimeliwa na Kiboko."

"Kiboko, umebakiwa na ngapi?"

Kiboko akapima. Thelathini na nne. "Lo! Nilikuja na arobaini!" akasema. "Na ndiye mimi niliyekuwa nashinda!"

"Ngiri katoka mtupu," Pimbi akasema. "Wewe Nyati mtupu. Kiboko mshindi kapungukiwa. Nani basi amekula mahindi yetu siku nne hizi?"

Wote wakageuka, wakautazama mkono wa Fisi. Fisi akauficha nyuma.

"Amechota mara tisini na sita," akasema Pimbi. "Theluthi yangu ni konzi thelathini na mbili, hizi hapa, na sijashinda hata mchezo mmoja."

Nyati aliona haya, wanangu, alitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, shemeji. Nilichezea chakula cha watoto wako."

"Nimekusamehe. Beba gunia."

Thelathini na mbili za Pimbi na ishirini za kikapu, zikawa hamsini na mbili. Mbegu yote imerudi, na mbili zimezidi. Hizo mbili Pimbi alimpa Ngiri njiani, akapande bustani yake.

Kesho yake mlango wa Fisi ulijaa. Swala, Punda, Nguchiro, kila mtu! "Kikapu hatutaki! Tupe theluthi, kama Pimbi!" Fisi angekataaje, wakati neno lililosemwa mkekani ni la kila anayekaa? Wakakaa wanne wanne. Karata zikagawiwa. Pa! Pa! Pa! Pa! Wote wametupa chini. Lundoni punje nne. Fisi akawapikia uji siku nzima, na jioni alikuwa na mahindi yasiyojaza hata kiganja. Akakunja mkeka mwenyewe. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Huko shambani mvua imeanza, Nyati anavuta jembe, Pimbi anadondosha mbegu nyuma yake. Mara Nyati akasimama.

"Shemeji, nimesikia ng'ambo kwa Kobe hawarudishi theluthi. Wanarudisha nusu!"

"Na ile nusu nyingine wanaipeleka wapi?"

Nyati akafikiri. Akafikiri tena, mvua ikimlowesha pua.

"Vuta jembe, shemeji," akasema Pimbi.

Akavuta. Mwaka ule walivuna mpaka ghala likakataa kufunga mlango, na hadithi yangu nimeiacha hapo hapo ghalani, anayeitaka akaichukue pamoja na funzo lake: zawadi ya mwenye mkeka, ukiipima vizuri, utakuta ni mahindi yako mwenyewe, tena yamepungua.