Zamu Aliyoachiwa Tapkigen

"Aliyekuachia zamu, mtaje kwanza." Mmemsikia katibu wa kikundi chetu cha mizinga ya nyuki akimkemea Sigilai kwa maneno hayo, mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Haya, ketini. Na simu ziende mfukoni, mimi sishindani na simu. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mama mmoja wa humu humu Sogoret, jina lake Tapkigen. Mnajua sisi ni watu wa asali, na kila ukoo msituni una mto wake na miti yake ya mizinga. Mwaka ule ilitoka amri ya serikali kwamba tuhame kabla ya masika, eti tunaharibu msitu. Sisi! Asiyehama angechomewa nyumba. Mahakamani tulipigwa danadana mpaka tukachoka. Ndipo Chesang, binti wa kaka yake Tapkigen, ambaye ni wakili, akasema kuna mkutano Geneva, ambako mataifa hukaa kuwasikiliza watu wa asili wa dunia nzima. Kutajwa vibaya mbele ya wenzao ni jambo ambalo wakubwa hawalipendi. Wazee wakamchagua Tapkigen aende, kwa kuwa alikuwa haogopi mtu. Hilo hata mumewe angelishuhudia.

Asubuhi ya mkutano alikunywa chai meza moja na mzee wa kutoka nchi ya theluji, aitwaye Nilas, Chesang akiwatafsiria. Watu wa Nilas huchunga kulungu wa baridi, na reli ya mgodi ilikuwa karibu kukata njia ya mifugo yao. Wakasimuliana taabu zao kama majirani.

Sasa, kwetu mtu akiingia msitu wa wenyewe hatamki shida yake hivi hivi. Hutaja ukoo wake, mto wake, kisha maji ya wenyeji wake. Anayeomba kabla ya kutaja huhesabiwa mwizi. Basi Tapkigen alipopewa maikrofoni, akasimama wima akaanza kutaja. Akataja ukoo, akataja mto na vijito vyake, akataja hata lile ziwa la Geneva aliloliona dirishani. Chesang akamkanyaga mguu chini ya meza. Wapi! Mama anataja tu. Kila msemaji alikuwa na dakika tatu, na zake zikaishia hapo. Taa nyekundu ikawaka, maikrofoni ikazimwa.

"Muda umekwisha, mama. Asante," akasema mwenyekiti.

Tapkigen akaketi, machozi yakimlengalenga. Sogoret nzima ilimtuma, naye hakuwa ametamka hata neno moja la ile amri.

"Mwanangu," akamnong'oneza Chesang, "nimewaua watu wangu kwa adabu."

Aliyefuata kusema alikuwa Nilas. Alisimama na karatasi yake mkononi, akamtazama Tapkigen, kisha akaikunja ile karatasi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyu mama ametusalimia vizuri kuliko yeyote humu. Nataka kusikia alichokuja kusema. Zamu yangu nampa yeye."

"Unajua hutapata nyingine?"

"Najua."

Jamani! Mtu amesafiri kutoka kwenye barafu, watu wake wanamngoja, akaketi kimya. Mimi hata leo nikifikiria, moyo unanijaa.

Chesang akamshika Tapkigen mkono. "Shangazi, nenda moja kwa moja kwenye amri! Usimsalimie mtu!"

"Na huyu je?"

"Utamshukuru nje!"

"Zamu yake naila humu ndani, nikamshukuru nje? Hapana, mwanangu."

Maikrofoni ikawaka. "Kuna mzee hapa aitwaye Nilas," akaanza. "Reli inakuja kukata njia ya wanyama wake. Wasipopita, watakufa njaa wakati wa baridi. Hilo ndilo lake. Langu ni hili: Sogoret tunafukuzwa kabla ya masika, na nyumba zetu zitachomwa. Njooni mtazame wenyewe kama mla asali hukata mti wa nyuki wake."

Akaketi hata kabla ya taa nyekundu.

Kisha ikawa ajabu. Mama mmoja wa milima ya Amerika Kusini akashika maikrofoni, akasema, "Kabla ya langu, naitaja Sogoret, naitaja na reli ya Nilas." Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo, na wa visiwani naye, hadi jioni. Mjumbe wa serikali yetu alikuwa akichezea simu. Sogoret ilipotajwa tena na tena, akainuka akatoka nje kupiga simu.

Masika yalitukuta hapa hapa. Wageni walikuja kutazama, amri ikasimamishwa, kesi ikaanza upya. Siwadanganyi kwamba yameisha. Mahakamani bado tunakwenda. Nilas amekwisha kufariki. Lakini kila mjumbe wetu aliyekwenda huko baada ya Tapkigen alianza na reli ile, hata wenzetu wengine waliposema jambo hilo limepitwa na wakati. Mwaka jana reli ilipindishwa, na kulungu wanapita.

Kwa hiyo wewe Sigilai, mwenzako kakuachia nafasi ya kusema mkutanoni leo, ukaanza kutusifia mizinga yako na jina lake hukulitamka. Inuka ukamtafute. Aliyekuachia zamu, mtaje kwanza.