Biskuti Zilizopasuka za Sinyora Ornella

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na mazimwi, ni zamani ile meno yangu ya mbele yalipokuwa bado yapo, aliishi Malindi mwanamke wa Kitaliano aitwaye Sinyora Ornella. Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Sinyora alikuja kijana na mumewe, akamzika mumewe, akabaki. Alizeeka hapa hapa mpaka macho yakaingia giza na miguu ikagoma. Siku moja akagoma na kula. Wali, hataki. Samaki, hataki. Uji, akageukia ukuta. Alitaka kitu kimoja tu: biskuti za lozi alizokuwa akioka mamake huko kwao.

Akaja mpwa wake, Renzo, kumrudisha Italia. Ndege ilikuwa Ijumaa. Alimletea biskuti za dukani ndani ya kopo la rangi ya dhahabu. Sinyora akatafuna moja, akaitema kwenye leso, akasema mbele ya watu wote wa nyumba, "Atakayenilisha biskuti ya mama yangu kabla sijaondoka, tanuri langu ni lake."

Na tanuri lile mngeliona. La chuma, mlango wa kioo, rafu tatu. Mwanamke mwenye tanuri kama lile haendi tena kuinama jikoni kwa mtu. Anaoka kwake, na mwenye harusi ndiye anayekuja kubisha hodi.

Renzo akacheka. Alisema biskuti za kwao haziokwi na mikono ya huku, na kwamba hata lozi zenyewe huku hakuna. Tena mtungi wa gesi ulikwisha siku ile ile, naye akasema hanunui mwingine, nyumba inafungwa.

Uani walikuwako wanawake watatu wanamsikia. Zeituni, mpishi wa Sinyora kwa miaka kumi na minne. Kadzo, Mgiriama wa Ganda, mfagiaji wa ua. Na Mwanakhamisi, jirani wa ukuta mmoja, muuza mkate wa sinia, aliyekuja kuomba chumvi akakuta matusi. Mwanamke akitukanwa mapishi hajibu kwa mdomo.

Lozi kweli hazikuwako. Zamani Sinyora alitumiwa kwa posta kila mwaka, mpaka aliyezituma akafa. Kadzo akatazama mkungu uliosimama uani, ule mti ambao kokwa zake zina kiini kama lozi. Miaka tisa alikuwa akifagia kungu za mti ule kila asubuhi, akizilaani moja moja. Sasa akaziokota. Akakaa kizingitini na jiwe, akazivunja Jumanne, akazivunja Jumatano, kungu moja kiini kimoja, chembamba kama ukucha wa mtoto. Alijigonga kidole gumba kikawa cheusi, akahamia mkono wa pili. Akajaza kibaba.

Zeituni akatwanga. Hakuwa na karatasi ya mapishi, na angekuwa nayo asingeisoma, kama mimi. Vipimo alikuwa navyo kiganjani. Alipiga ute wa mayai mpaka povu likasimama, akageuza bakuli juu ya kichwa chake mwenyewe, lisimwagike hata tone, kama alivyofunzwa na Sinyora. Akachanganya na kungu na sukari, akafinyanga vidonge, akavipanga kwenye sinia. Mwanakhamisi akataka kuvifunika kwa kawa, nzi wasije. Zeituni akakataa: sharti vipigwe na hewa vifanye ngozi. Akakaa na kipepeo cha ukili Alhamisi asubuhi nzima akifukuza nzi, kama anayepepea maiti wa kifalme.

Gesi hakuna, tanuri limelala. Mwanakhamisi akabeba sinia kwake. Akatia mchanga kwenye sufuria pana, makaa chini, bati juu, na juu ya bati makaa tena. Moto wa juu na chini, ule tuliookea sote kabla hamjaharibiwa na umeme. Hakutazama saa. Alinusa.

Alipofunua, nyingi zilikuwa zimepasuka usoni, nyufa kama tope la kiangazi. Mwanakhamisi akaona haya. Kwetu kilichopasuka hakipelekwi kwa mgeni, mnajua. Akazitenga zote kwenye bakuli, za kuku. Zile chache za ukingoni, zilizokosa moto na kubaki laini, akazitia sahanini, akafunika kawa, akapeleka. Zeituni akaipokea sahani, akaiweka mbele ya Sinyora bila kufunua, kwani anayefunua kabla ya mgeni ni mlafi.

Sinyora akala moja. Akasema ni nzuri, lakini si ya mama. Renzo akatabasamu.

Huku nyuma Kadzo alikuwa amefika kwa Mwanakhamisi, akakuta kuku wanaitwa. Akanyang'anya bakuli. Akaingia nalo sebuleni na miguu yake ya vumbi, akalikita juu ya meza. "Kidole changu hakikufa kwa ajili ya kuku."

Sinyora haoni, lakini ana vidole. Akapapasa. Akaukuta ufa, kama ule wa biskuti za mamake, akaufuata taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akang'ata, ikalia. Mmengoja alie machozi? Hakulia. Alimtukana mpwa wake kwa Kitaliano, akaagiza kahawa, akala tano.

Renzo akanyoosha mkono aonje. Kadzo akasogeza bakuli. "Hizi zimeokwa na mikono ya huku, bwana. Zitakuumiza tumbo."

Sinyora akafuta midomo, akauliza tanuri analichukua nani.

"Mimi," akasema Zeituni. "Bila mimi mngekuwa na kungu za kutafuna na makaa ya bure. Nani mwingine alijua biskuti hiyo ni kitu gani?"

"Ulijua, dada, ukakaa na kujua kwako bila lozi," akasema Kadzo. "Na sahani ukaipokea kama bibi harusi, hukufunua. Mlichopeleka nyinyi kilikataliwa. Alichokula nimekileta mimi."

Mwanakhamisi akajifunga leso kiunoni. "Haya, nilikosea kuzionea haya, ndivyo nilivyolelewa. Lakini huo ufa aliousoma kwa kidole, nani aliupasua? Ni moto wangu. Wala sikuwa mtumishi wa nyumba hii, nilikuja kwa chumvi."

Sinyora akasema aliahidi mmoja, na ahadi haikatwi vipande. Yeye ameshakula, kesho anasafiri, waamue wenyewe. Kesho yake akaondoka na biskuti kumi na moja mfukoni, zote zimepasuka. Tanuri likatolewa jikoni, likabaki katikati ya ua, mikono mitatu juu yake, hakuna mkono ulioondoka.

Msiniambie watumie kwa zamu. Nyumba inafungwa, tanuri litaingia nyumba moja tu, na nimewajua wanawake wale: anayesema zamu hajavunja kungu. Wala msinitazame mimi, nimeshasema yangu.

Haya, nyinyi mliomaliza sahani yangu mkanyamaza: tanuri liingie kwa nani?