Muhanga na Shule Isiyofungwa

Paukwa!

Pakawa!

Watoto kaeni mbele, wakubwa sogeeni nyuma yao. Hii inawahusu nyote.

Hapo zamani za kale, katika bonde la Kiwambo, wanyama walikuwa na shule. Ilifunguliwa mvua zikianza, ikafungwa nyasi zikikauka. Masika watoto walisoma. Kiangazi walirudi kwa wazazi wao, na huko walijifunza kazi za kuishi: digidigi kunusa upepo, ngiri kutafuta mizizi, muhanga kuchimba. Maana ardhi ya kiangazi ni ngumu kama jiwe, na anayeijua ni yule aliyeivunja mwenyewe.

Muhanga alikuwa na mtoto mmoja, Tindo. Yeye mwenyewe hakusoma, na alitaka sana mwanawe asome. Lakini kila jioni alipomuuliza amefundishwa nini, Tindo alijibu lile lile: mwalimu ametaja, sisi tumeitikia, kisha mwalimu ameruka kwenda kula.

Mwalimu alikuwa Hondohondo. Mdomo mkubwa, sauti kubwa. Alitaja, watoto wakaitikia. Jua likipanda, puru! ameruka kuwinda panzi. Hurudi jua likishuka, kugonga kengele ya kwenda nyumbani.

Mwaka mmoja watoto wa Kiwambo walishindwa mtihani, wote. Nyati, mkuu wa bonde, akaita mkutano. Hondohondo akasema kosa ni la mwaka. Mwaka wa shule ni mfupi mno. Likizo ya kiangazi ifutwe, watoto wasome masika, wasome na kiangazi, watafaulu. Wazazi wakaitikia ndiyo, ndiyo.

Muhanga akainuka. Akauliza kwa adabu, hiyo miezi iliyokuwapo ilitumikaje.

Hondohondo akamtazama kwa jicho moja. "Mama Tindo, wewe hukusoma. Haya waachie waliosoma."

Wanyama wakacheka. Muhanga akakaa. 

Kiangazi kikaja. Nyasi zikawa manjano. Shule haikufungwa. Watoto wakakaa pale pale, wakiitikia, koo zimewakauka. Muhanga akachimba peke yake. Kila alipovunja kichuguu aligeuka kumwonyesha mwanawe, na mwanawe hayupo.

Siku moja akanusa moshi. Kilimani nyasi zilikuwa zinawaka, kacha, kacha, kacha, na upepo unausukuma moto kuelekea shuleni. Muhanga akakimbia. Puku puku, puku puku.

Akawakuta watoto wamekaa safu safu. Hondohondo alikuwa ameruka tangu asubuhi, na kabla ya kuondoka aliwaambia asiinuke mtu mpaka kengele igongwe. Moto wanauona, moshi unawauma macho, nao wamekaa. Mtoto wa digidigi akauliza kama kuna ruhusa ya kukimbia.

"Mtakimbilia wapi?" Muhanga akasema. "Moto una mbio kuwashinda. Njooni hapa."

Akachimba. Paru, paru, paru. Udongo ukaruka. Tindo akaja kumsaidia. Akaparua, akaparua, kucha zake laini zikakatika, damu ikatoka, ardhi haikufunguka. Mama yake akaiona ile damu. Akachimba kwa hasira zaidi kuliko kwa nguvu. Shimo likafunguka, akawasukuma ndani mmoja mmoja, kisha akaziba mlango kwa mgongo wake. Moto ukapita juu, vuuu, ukaenda zake.

Walitoka hai wote. Lakini mtoto wa digidigi aliingia mwisho, na mguu wake wa nyuma uliungua. Alichechemea mpaka uzeeni.

Wazazi wakaja mbio. Nyati akaja. Hondohondo naye akatua, mguu wa panzi umemning'inia mdomoni. Akasafisha koo. Akasema balaa hili limeonyesha wazi kwamba watoto hawajui habari za moto. Basi liongezwe somo la moto, na kwa kuwa nafasi haipo, waje shule hata siku za mapumziko.

Hapo Muhanga hakuomba ruhusa ya kusema.

"Mwalimu, ulipewa masika yote, ukayala. Ukaomba kiangazi, tukakupa, ukakila. Sasa unataka na siku za mapumziko. Tindo anajua kuitikia. Kusoma hajui, kuchimba hajui. Nyumbani umemtoa, shuleni hukumwingiza. Mtoto wangu umemweka wapi?"



Mama Digidigi hakungoja Nyati aamue. Alimwinua mwanawe, akaenda naye nyumbani. Ngiri akamfuata. Wote wakafuata. Nyati akabaki na Hondohondo, na majivu.

Kesho yake Nyati akatangaza kwamba kiangazi shule itafungwa, kama zamani. Masika mwalimu atafundisha kutwa nzima, na kila siku mzazi mmoja atakaa nyuma ya darasa.

Mvua ziliponyesha, mzazi wa kwanza kukaa nyuma alikuwa Muhanga. Jua lilipopanda, Hondohondo alitanua mbawa. Akamwona. Akazikunja, akaendelea kufundisha.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: siku za shule si zile alizokaa mtoto darasani, ni zile alizofundishwa. Aliyeuchezea mwaka mfupi, hata mrefu atauchezea. Kabla ya kumwongezea mtoto siku, ulizeni zile za mwanzo zilikwenda wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye swali akamuulize mwalimu.