Kiboko na Kichupa Kikubwa

Niseme nisiseme?

"Sema."

Ya kweli au ya kutunga?

"Yoyote, mradi inoge."

Haya. Binadamu alimdunga panya, akampasua panya, akamkata panya mkia, miaka nenda miaka rudi. Siku moja wanyama wakasema: basi, sasa zamu yetu. Wakajenga maabara, wakapata seli za binadamu, wakazitia kwenye sahani ya kioo. Ndani ya seli hizo mlikuwa na jeni moja korofi. Kutwa inaamuru, "Gawanyika." Seli zinaitika, "Tunagawanyika." Pu, pu, pu, uvimbe unakua.

Baraza likatangaza: atakayeinyamazisha jeni hiyo atakabidhiwa maabara.

Mkuu wa pale alikuwa Kiboko. Kiboko hajawahi kuosha hata gilasi. Kazi yote ilifanywa na Buku, panya wa mashavu makubwa. Buku akagundua chakula cha kukuzia seli, Kiboko akasimama barazani, "Nimegundua." Buku akagundua njia ya kuzihesabu, Kiboko akasimama, "Nimegundua." Buku akarudi nyumbani nyongo imempanda, ugali haushuki.

"Safari hii," akajiambia, "sitasema uongo hata chembe. Na atakoma."

Akachukua kirusi, mwizi anayeingia ndani ya seli bila hodi. Akakitoa uovu wote tumboni, akakibebesha barua ya kuzikamata amri za jeni njiani na kuzirarua. Akakitia katika kichupa kidogo. Kisha akachukua kirusi kingine cha aina ile ile, akakibebesha barua ya upuuzi, herufi zilizovurugwa, ili ijulikane kinachonyamazisha ni barua, si kirusi. Hicho akakitia katika kichupa kikubwa. Vyote viwili akavibandika lebo, wino mweusi, herufi nene.

Kiboko akaingia, tindi, tindi.

"We binti, tayari?"

"Viko viwili, Mzee. Kila kimoja nimekiandika ni nini. Soma."

"Nisome mimi? Kusoma ni kazi yako. Nipe kikubwa."

"Na hiki kidogo, Mzee?"

"Kaa nacho. Kinalingana na wewe."

Akakibana kikubwa mdomoni, huyoo, barazani.

Mbele ya Mama Tembo, mwenyekiti, akamimina kwenye sahani ya seli, chiriri. "Nimegundua."

Wakangoja. Siku ya kwanza jeni ikasema, "Gawanyika." Seli zikaitika, "Tunagawanyika." Pu. Siku ya pili, "Gawanyika." "Tunagawanyika." Pu, pu. Siku ya tatu sahani ikafurika.

"Buku kanipa kibovu," Kiboko akanguruma. "Mfukuzeni."

Buku akasogea mbele.

"Binti yangu, una la kusema?" Tembo akauliza.

"Sina, Mama. Chupa ndiyo yenye la kusema."

Tembo akaiinua, akasoma: "Hiki hakinyamazishi kitu. Ni cha kulinganishia tu."

Buku akaleta sahani mpya, akamimina kichupa kidogo, chi. Wakangoja tena. Siku ya kwanza jeni ikasema, "Gawanyika." Siku ya pili, "Gawa..." Siku ya tatu, kimya, jii.

Tembo akampa Buku ufunguo wa maabara. Kiboko akakohoa, akasimama.

"Waheshimiwa, tusisahau. Aliyegundua kwamba kikubwa hakifanyi kazi ni mimi."

Na wapo waliompigia makofi.

Basi funzo ni hili, watoto wazuri: mkubwa hakosei kamwe. Kosa ni la mdogo, aliyeandika ukweli mahali ambapo mkubwa hatazami.

Yangu ndiyo hiyo. Ikiwapendeza, gawaneni, ikiwaudhi, niachieni mwenyewe, nimezoea.