Wali Chini ya Hodhi la Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kivumoni, palikuwa na Sultani jina lake Darweshi, aliyekuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumwambia hapana. Basi siku moja akatokea fundi mgeni akiitwa Mirdadi, mwenye kilemba kikubwa na maneno makubwa kuliko kilemba, akamsimulia Sultani habari za mahodhi ya vioo, marefu kuliko mtu aliyesimama, ambamo samaki huogelea na watu wakawatazama ubavuni kama wanaochungulia harusi ya jirani. Sultani akashikwa na tamaa. Hakuuliza vioo vile vinashikwa na nini; akaagiza mahodhi saba papo hapo, na la kwanza likaungwa kwenye sakafu ya wazi ya ghorofa ya juu ya jumba lake, ili kila aingiaye mjini aone samaki wakipita angani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Sakafu ile ilikuwa juu ya Mtaa wa Chini, na ukuta wake mfupi ulitazama mapaa ya makuti ya watu maskini. Nyumba ya kwanza chini ya ukuta ule ilikuwa ya Bi Kazija, mjane mwenye nyonga mbovu, ambaye kutoka kitandani hadi mlangoni kulimchukua muda wa kuchemsha chai na kuipoza. Hodhi lile likiachia, watu wa mtaa wangekimbia. Bi Kazija asingefika hata kizingitini.

Bi Kazija alikuwa na binti mmoja, Mwatima. Marehemu baba yake, mzee Shaame, alikuwa fundi kalafati, yaani yule azibaye nafasi kati ya mbao za vyombo kwa pamba na lami, maji yasipite. Kazi ile alimfundisha binti yake yote, hakumficha kitu. Lakini mzee alipofariki, wakuu wa bandari walimwambia Mwatima, "Mwanamke hakai ndani ya chombo kipya," wakamfungia mlango. Nani alisema hivyo? Walisema wao. Kwa nini? Kwa sababu walisema. Ikawa binti mwenye ufundi ule anazunguka vichochoroni kuziba ndoo na mitungi ya watu, leo akipewa muhogo, kesho akipewa ahsante.

Basi kabla hodhi kubwa halijatiwa maji, Fundi Mirdadi alimtunuku Waziri Shali hodhi dogo la kuweka sebuleni. Siku ya tatu, wageni wakiwa wanakula, maungio yakafunguka, maji yakamwagika juu ya sinia la biriani, na samaki mmoja, changu mzima, akatua mapajani mwa Kadhi. Mwatima akaitwa kuja kuziba. Akalizunguka lile hodhi, akagusa gundi ya pembeni kwa kidole. Ilikuwa imelegea kama halua iliyosahauliwa juani.

"Bwana Waziri," akasema, "hili sizibi. Gundi hii inalainika kwa joto la mchana. Na lile la juu ya nyumba yetu limeungwa kwa gundi gani?"

"Hiyo hiyo," akajibu Waziri, huku akikamua kanzu yake. "Lakini usipige kelele, binti. Sultani amekwisha furahi."

Amekwisha furahi! Mtu mzima, mwenye ndevu na joho, kalowa mpaka kwenye soksi, na jibu lake ndilo hilo. Mwatima hakungoja hata muhogo wake. Akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani, na miguu yake ina vumbi vile vile.

"Sabalkheri, bwana wangu Sultani. Nimekuja kukuomba ufute agizo la mahodhi yale, na lile lililokwisha kuungwa lisitiwe maji."

Baraza zima likacheka. Sultani akamtazama kutoka kwenye kiti chake.

"Ewe binti, wewe ni nani hata uje kufuta agizo langu?"

"Mimi ni Mwatima binti Shaame kalafati. Nakaa hapo chini ya ukuta wako, bwana wangu. Ukipiga chafya, sisi huko chini tunakuombea afya. Maungio ya hodhi lile yataachia, na mama yangu hawezi kukimbia."

"Kalafati wa ndoo!" akasema Fundi Mirdadi, akishika kiuno. "Bwana Sultani, maungio yangu ni imara kuliko ya chombo chochote cha bandari hii. Nayaapia kwa ndevu zangu."

"Na lile la sebuleni kwa Waziri?" akauliza Mwatima.

"Lile lilifunguka kwa sababu ni dogo. Hodhi kubwa lina heshima yake, haliwezi kufanya mambo ya kitoto. Tena kioo hakikuvunjika hata kimoja! Ni maungio tu yaliyofunguka."

"Mbwa akikuuma, fundi, nawe utasema mdomo wake haukuvunjika, ulifunguka tu?"

Watu wakaanza kucheka tena, safari hii upande wa pili, Sultani akapiga fimbo sakafuni. Akamgeukia Waziri. "Shali! Kweli lile la kwako lilimwaga maji?"

Waziri Shali akainama kwa adabu. "Bwana wangu, haikuwa kumwaga. Samaki walipenda tu kula pamoja nasi. Ilikuwa hafla nzuri. Kadhi mwenyewe alisimama kwa furaha."

Sultani akaridhika, kwa kuwa ndilo alilotaka kulisikia. Akamwambia Mwatima, "Sikia, ewe binti. Neno langu likitoka halirudi, na Ijumaa baada ya sala hodhi langu litajazwa. Lakini nisije nikaambiwa sikukusikiliza. Nionyeshe mtu aliyeloweshwa na hodhi langu nalo likiwa kavu, hata tone halijatiwa. Ukiweza, nitajua lina hatari. Ukishindwa, wewe na mama yako mtauhama mji huu siku ya Jumamosi, kwa kumtia Sultani wenu mkosi."

Hebu tazameni hukumu hiyo. Mtu alowe kwa hodhi kavu! Angemwambia aanike nguo mvuani ingekuwa nafuu. Watu wa baraza wakamhurumia, na huruma yao ikawa ya kutazama chini, maana kumwambia Sultani hapana hakuthubutu hata mmoja.

Mwatima akasema, "Nimekubali, bwana wangu. Nami naomba kitu kidogo. Fundi amesema maungio yake yanashinda ya vyombo vyote vya bandari. Basi hodhi lake lipitishwe katika ada ya vyombo vya bandari, lisije likaonekana limeogopa. Nipatie mkeka na sinia moja la wali mweupe."

"Wali tu?" akasema Sultani. "Umepewa."

Mwatima akarudi nyumbani, akamweleza mama yake. Bi Kazija akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wali huo ni wa nazi?"

"Mama! Tunataka kufukuzwa mji!"

"Nimesikia, mwanangu. Lakini kama tunafukuzwa, heri tufukuzwe tumeshiba."

Ikawa Ijumaa. Watu wakajaa ukumbini, ngazini na juu ya mapaa. Hodhi lilisimama kwenye sakafu ile ya wazi, tupu, linang'aa, refu kama mtu na nusu. Turubai lilikuwa limetandwa juu kwa ajili ya kivuli, na upepo wa baharini ulikuwa unapita vizuri. Ngazini walipanga foleni wachukuzi wa maji sitini, kila mmoja na mtungi begani. Mwatima akatandaza mkeka sambamba na ungio refu la hodhi, karibu kabisa, hata aketiye auguse kwa mgongo. Katikati akaweka sinia la wali. Kisha akasimama mbele ya watu.

"Mabwana na mabibi, ada ya bandari yetu mnaijua. Chombo kipya hakipokelewi mpaka kiliwe chakula cha mshono. Siku kinapoingia majini kwa mara ya kwanza, fundi aliyekiziba na bwana aliyekiagiza huketi ndani, migongo yao kwenye mshono, wamevaa kanzu nyeupe, wakala wali mpaka uishe. Wakiinuka wakavu, chombo kimepita. Baba yangu alikula chakula hicho miaka thelathini, na kanzu yake hakuianika hata siku moja."

"Hodhi si chombo!" akapaza sauti Fundi Mirdadi.

"Chombo huzuia maji yasiingie, hodhi huzuia maji yasitoke. Kilichogeuka ni upande wa kukaa tu, fundi. Ndiyo maana mkeka nimeuweka nje. Karibu uketi."

Fundi akamtazama Sultani. Sultani akasema, "Keti, fundi. Si umeapa?"

"Na bwana aliyeagiza," akasema Mwatima kwa adabu, akimwonyesha Sultani nafasi kwa mkono wa kulia. "Na Bwana Waziri pia, aliyesema samaki ni wageni wazuri."

Sultani alikuwa mtu mwenye kiburi, naye mji mzima ulikuwa unamtazama, basi akaketi. Waziri akaketi ukingoni kabisa mwa mkeka, nusu yake ikiwa kwenye mkeka na nusu ikiwa tayari kwenda nyumbani.

"Bismillahi," akasema Mwatima. "Wachukuzi, pandeni!"

Mchukuzi wa kwanza akapanda ngazi, akasimama juu ya jukwaa lililokuwa kando ya hodhi, mtungi begani, akangoja amri. Wa pili akasimama nyuma yake. Maji yakasikika yakicheza ndani ya mitungi: chwa, chwa. Fundi Mirdadi alikuwa hajala hata tonge moja. Aliposikia sauti ile, akaanza kula kwa namna ambayo Kivumoni ilikuwa haijapata kuiona. Hakutafuna. Mkono ukaenda siniani ukarudi, ukaenda ukarudi, mashavu yakavimba, kusudi wali uishe na chakula cha mshono kiishe kabla maji hayajaingia.

"Taratibu, fundi," akasema Mwatima. "Bado hata tone. Wewe kula tu, uegemee vizuri."

Fundi akaegemea. Akaegemea kama mtu aegemeaye chungu cha moto. Jasho likaanza kwenye paji la uso, likashuka puani, likaingia kwenye ndevu zile alizoziapia, likatoka likaenda kifuani. Mwatima akasogea, akagonga kioo kwa ukucha mmoja tu.

Ti!

Fundi Mirdadi akaruka. Aliruka na tonge mdomoni, akapita juu ya sinia, akaenda kuangukia penye nguzo. Kanzu yake ilikuwa imemganda mgongoni kama ya mtu aliyeopolewa kisimani. Mwatima akaokota kilemba kilichobaki mkekani, akakiinua mbele ya watu wote, akakikamua. Maji yakadondoka sakafuni, matone kadha wa kadha.

"Bwana wangu Sultani," akasema, "uliniagiza nikuonyeshe mtu aliyeloweshwa na hodhi lako nalo likiwa kavu. Hodhi ndilo hili, litazame mpaka chini, hata tone halimo. Na mtu ndiye yule."

Waziri Shali akajitutumua. "Hilo ni jasho tu! Ni joto la mchana!"

"Chini ya turubai hili, na upepo huu? Mimi nimesimama pale pale, Bwana Waziri. Kanga yangu hii, iguse."

"Basi ni pilipili!" akalia Fundi Mirdadi kutoka penye nguzo.

"Wali ni mweupe, fundi. Nimeuomba mweupe makusudi."

Sultani akakunja uso, akasema kwa sauti nzito, "Fundi Mirdadi, rudi mkekani. Wachukuzi, mimineni!"

"La! La, bwana wangu!" Fundi akapiga magoti. "Wasimimine! Gundi yangu haipendi jua. Nilijua tangu lile la Waziri, nikasema labda kubwa litaona haya. Naomba nifute agizo. Nalifuta mwenyewe, yote saba, na vioo nakuachia!"

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mwatima akasema taratibu, "Umesikia, bwana wangu. Neno lako halikurudi. Lililorudi ni la fundi."

Sultani akafungua kinywa ili aseme jambo la kisultani. Lakini mara akaona watu hawautazami mkeka. Wanatazama upande mwingine, naye akagundua kwamba upande huo ndipo alipo yeye. Alikuwa amesimama juu ya ngazi, hatua ishirini kutoka kwenye hodhi, na tonge la wali bado liko mkononi. Lini aliinuka, yeye mwenyewe hakujua. Pengine ni pale iliposikika ti! Akalitazama tonge, akaitazama miguu yake, akajipapasa kwapani chini ya joho la hariri, akakuta bahari.

Basi Sultani Darweshi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaketi ngazini, kati ya wachukuzi, akasema, "Binti Shaame, ulitakiwa mmoja tu, umetulowesha wawili!"

"Watatu," akasema Mwatima. "Bwana Waziri hajainuka kwa sababu anaona haya kuinuka."

Na kweli Waziri Shali alibakia mkekani mpaka watu wakatawanyika.

Sultani akamuuliza Mwatima anataka tuzo gani. Naye akasema, "Vioo vya hodhi vikatwe vidogo, viwe madirisha ya Mtaa wa Chini. Nami niketi chakula cha mshono cha chombo kitakachofuata, kwa jina langu, fundi kalafati." Wakuu wa bandari, waliokuwapo pale, wakafungua vinywa kutaka kusema mwanamke haketi. Sultani akawaonyesha mkeka, kwamba mwenye neno na aje alisemee pale karibu na ungio. Vinywa vikafungwa.

Mwatima akashuka nyumbani na sinia kichwani, maana wali ulibaki mwingi. Bi Kazija alikuwa ndiyo kwanza anafika mlangoni. Alianza kutoka kitandani aliposikia vigelegele. Akaonja.

"Hawakutia nazi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na chumvi imezidi upande huu."

"Upande huo alikula Fundi Mirdadi, mama. Kula huku."

Hekaya yangu nimeiziba hapa. Mwenye kuona inavuja, na aje aketi chini yake. Mkeka upo, na wali nitampikia mwenyewe.