Kijiji Kisichosema Twende

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, na atakayecheka asimpige mwenzake mgongo.

Hapo zamani za kale, kale ya bibi wa bibi yangu, palikuwa na kijiji ambacho watu wake hawakusema "twende". Kabisa! Wakienda kisimani: "Mitungi ina kiu!" Wakienda shamba: "Miguu inawasha!" Hata punda aliambiwa, "Mbele kuzuri, bwana." Punda akafikiri, akafikiri, akaenda.

Mkubwa wao alikuwa Bi Mize. Siku moja akawa anamwoza mjukuu wake, Siwema. Ngoma hizo, ti-ndi-ti! ti-ndi-ti! Kina bwana harusi wanakuja kutoka mbali kumchukua mke. Wakala, wakashiba. Mjomba wa bwana harusi, Shekuwe, akasimama, akapangusa ndevu, akanguruma:

"Haya! Twende!"

Lo! Watu wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Huyu uvunguni, yule kajifunika ungo. Mpiga zumari akapanda darini, zumari mdomoni, inalia pii! pii! kila akihema. Bibi harusi akatumbukia ghalani. Bi Mize akajikuta bandani, kuku kamkalia kichwani.

"Mmetuficha mke?" Shekuwe akafoka. "Fungeni ngoma, jamani! Hapa hatuoi tena!"

Siwema akaangua kilio ghalani. Bi Mize akatoka, kuku yupo palepale.

"Ngoja, baba. Hatukukimbii wewe. Enzi za Jumbe aliyetutawala, askari wake walibisha, ko! ko! ko! Ukifungua, neno ni hilo moja. Kosa lako? Ulinung'unika. Mume wangu Makame aliambiwa hivyo, bakuli la uji mkononi. Hakurudi. Hakuna aliyerudi. Jumbe akafa, neno likabaki mlangoni."

Shekuwe akavua kofia. "Nisamehe, mama. Basi tusemeje?"

Bi Mize akatazama ghala. Mtoto analia. Akakohoa.

"Tw..." Likakwama.

"Twe..." Kuku akadakia, "Kwe! Kwe! Kwe!"

Kicheko uvunguni! Kitanda kikacheza. Bi Mize naye akacheka, akajishika mbavu, na katikati ya kicheko neno likachomoka:

"Twende! Twende, Siwema wangu! Ila kuanzia leo, akilisema mtu, ajibiwe: Turudi!"

"Turudi!" uvungu ukajibu. "Turudi!" dari nayo.

Wakaenda, zumari mbele, na njia nzima wakawataja waliochukuliwa, Makame na wenzake, kila jina na vigelegele vyake. Fungate ilipokwisha, Siwema huyo, karudi kumwamkia bibi yake, na mume, na jogoo kwapani.

Neno lililotiwa hofu, wanangu, ukilificha huota meno. Litoeni nje, mlitaje pamoja na wale liliowala.

Hadithi yangu nimeitua hapo, kama mtungi. Uji umeiva. Haya, twende!

Mnajibuje?

Turudi!